Mawaziri Wajengewe Mahakama Yao

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Katiba na Sheria

YAH: OMBI LA MAHAKAMA MAALUM YA MAWAZIRI

Mheshimiwa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Sisi wakazi wa Makumira, Arusha, tunaona aibu waheshimiwa kupandishwa kizimba cha kila mtu.

Mahakama ya Kisutu ilitufedhehesha. Waliokuwa mawaziri, marehemu Basil Mramba na mwenzake Daniel Yona, walifikishwa pale Novemba 2008 kwa matumizi mabaya ya madaraka: kampuni ya kukagua dhahabu ilisamehewa kodi, serikali ikapata hasara ya shilingi bilioni 11.7. Julai 2015 wakahukumiwa miaka mitatu. Mahakama Kuu ikaipunguza hadi miwili, kisha kifungo kikageuzwa huduma kwa jamii. Februari 2016 tukawaona wameshika mafagio, wanasafisha hospitali ya Sinza Palestina. Mheshimiwa, mtu aliyeshika Hazina ya nchi anapewaje fagio? Hata usimamizi wa wafagiaji alikosa?

Wafaransa wana adabu. Tangu 1993 mawaziri wao wana mahakama yao yenye majaji 15, na 12 kati ya hao ni wabunge. Desemba 2016 ilimtia hatiani Christine Lagarde kwa uzembe wa enzi za uwaziri wake wa fedha. Adhabu hakupewa, na ukuu wake wa Shirika la Fedha la Kimataifa akaendelea nao. Huo ndio ustaarabu.

Arusha uzoefu tunao. Mwaka 1998 Jean Kambanda, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Rwanda, alihukumiwa hapa mjini kifungo cha maisha kwa mauaji ya kimbari. Usishtuke, alikuwa wa jirani. Na mwaka 2014, kule Malabo, wakuu wa Afrika walipoafiki kuipa makali ya jinai Mahakama ya Afrika, ambayo nayo iko Arusha, waliandika kabisa kwamba marais na maofisa waandamizi wasiguswe wakiwa madarakani.

Kwa hiyo ijengwe Makumira. Barabara ya Moshi ni lami, msafara wa V8 hautakula vumbi. Wanafunzi wa sheria wa Chuo Kikuu cha Tumaini watajionea kwa karibu namna upelelezi unavyokataa kukamilika.

Bajeti isipotosha, basi utaratibu wa Wafaransa ushushwe hadi Mahakama ya Mwanzo: aliyeiba mkungu wa ndizi asikilizwe na majaji 15, na 12 kati ya hao wawe wezi wa ndizi.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Makumira