Ukitumwa Kuinunulia Nchi Dawa

Hongera kwa uteuzi. Sasa wewe ndiye utakayeiagizia nchi dawa na vifaa tiba kutoka ng'ambo, na bila shaka umeshaambiwa kwamba hili ni soko kama soko lingine: unatangaza zabuni, unalipa, mzigo unapakiwa. Aliyekuambia hivyo hakuwa ofisini Machi 2020, korona ilipotanda.

Mwezi huo Ufaransa ilitwaa barakoa zote zilizokuwa ndani ya mipaka yake. Kesho yake Ujerumani ikapiga marufuku kuuza nje vifaa vya kujikinga, hata kwa jirani zake wa Umoja wa Ulaya, na Italia ilikuwa imeshaanza kuzika. Hao ni watu wanaotumia sarafu moja. Wewe mwenye ankara mkononi na ahadi ya barua pepe, jipange. Biashara ni huria mpaka mwenye kiwanda akohoe.

Ukikimbilia India, ujue nayo mwezi huohuo ilizuia hata parasetamo isitoke. Malighafi nyingi za viwanda vyake hutoka China, na China ilikuwa imejifungia. Kwa hiyo usimuulize muuzaji bei tu. Muulize na yeye ananunua kwa nani. Akikasirika, umeuliza vizuri.

Glavu utazifuata Malaysia, kinara wa dunia. Wanaozitengeneza wanalala wapi, hilo halimo kwenye fomu ya zabuni. Novemba 2020 viwanda 28 vya kampuni ya Top Glove viliamriwa kufungwa kwa awamu, baada ya wafanyakazi zaidi ya 2,000, wengi wao wahamiaji wanaobanana mabwenini, kukutwa na korona. Watu waliokuwa wakiivalisha dunia glavu, hao.

Sasa hataza, ambako wageni wengi hupotelea. Utasikia kwamba Azimio la Doha la Shirika la Biashara Duniani, la mwaka 2001, liliamuru itafutwe njia ya nchi isiyo na kiwanda kuagiza nakala nafuu ya dawa yenye hataza. Ni kweli kabisa. Utaratibu wenyewe ulikubaliwa katika shirika hilo mwaka 2003, na Kanada ikatunga sheria yake mwaka 2004. Julai 2007 Rwanda ikaarifu kwamba inahitaji kidonge cha kufubaza VVU chenye dawa tatu ndani yake. Septemba, kampuni ya Apotex ya Kanada ikapewa leseni ya lazima, yaani ruhusa ya kukitengeneza bila ridhaa ya wenye hataza: miaka miwili, vidonge 15,600,000, hakuna cha nyongeza. Tena kila kidonge kiwe na alama ya XCL na rangi isiyo ya kawaida, asije mjanja akakirudisha kwa matajiri. Shehena ya kwanza iliondoka Kanada Septemba 2008, ya pili mwaka uliofuata. Toka Doha hadi shehena ya kwanza ni miaka saba, na mgonjwa alichotakiwa ni kuwa na subira tu.

Bolivia ilibisha hodi kwenye mlango huohuo mwaka 2021, ikitafuta chanjo ya korona. Kampuni ya Biolyse ya Ontario ilikuwa tayari kuitengeneza. Lakini sheria ya Kanada ina orodha ya dawa zinazoweza kuombewa leseni, na chanjo hiyo haikuwemo. Ukienda, basi, anza na barua ya kuomba dawa yako iandikwe kwenye orodha. Ikishaandikwa, ndipo uombe dawa.