Heko kwa Ufunguo Unaogoma

Katika viungo vyote vya gari, hakuna kinachotukanwa kama swichi ya ufunguo. Tairi likipasuka huonewa huruma; injini ikifa hufanyiwa matanga, na ndugu wakachangishwa. Lakini swichi ikigoma saa kumi na mbili asubuhi, watoto wa shule wamekwisha kaa kiti cha nyuma na mabegi yao, hupigwa ngumi, huapizwa, na kuulizwa maswali yanayomhusu mama yake. Haina mtetezi. Basi apatikane mmoja leo.

Sifa yake ya kwanza ni ualimu. Mtu anaweza kumiliki Vitz miaka kumi asijue betri imekaa upande gani, lakini asubuhi moja ya mgomo humzibua masikio. Akizungusha ufunguo akasikia ta-ta-ta-ta ya haraka huku taa za dashibodi zikififia, betri imeishiwa, au terminali zake zimeota unga mweupe. Ukisikika mlio mmoja mzito, ta!, kisha basi, na taa zinaendelea kung'aa, mshukiwa ni stata au waya mnene unaoipelekea umeme. Kimya kabisa? Huenda ni fyuzi, huenda ni swichi yenyewe, na huenda, jambo linalowapata hata wenye shahada mbili, gia haiko kwenye P. Injini ikizunguka kwa nguvu lakini isishike, betri na stata waachiwe huru. Itazamwe ile taa ndogo nyekundu yenye picha ya ufunguo; huenda gari limeukataa ufunguo. Fundi umeme ataongeza kipimo chake: betri iliyojaa husoma kama volti 12.6, na ikiporomoka chini ya 9.6 wakati stata inazunguka, hiyo ni mgonjwa wa kitandani. Aliyehitimu darasa hili hauziwi stata mpya kwa kosa la terminali chafu. Zipo gereji zisizoipenda elimu ya namna hiyo.

Sifa ya pili ni kwamba huwatuliza wenye misuli. Ufunguo unaingia ila hauzunguki hata kidogo. Mwenye gari anakaza mkono, anakaza na meno, mpaka nusu ya ufunguo inabaki ndani ya kitasa na nusu mkononi. Kumbe usukani ulijifunga tu, kama ulivyoundwa kujifunga ufunguo unapochomolewa. Dawa yake ni upole: usukani utikiswe kulia na kushoto, na ufunguo uzungushwe taratibu wakati huohuo. Kama bado unagoma, pengine ni nakala ya nakala. Mchongaji hufuata meno aliyopewa, na meno yaliyolika huzaa meno yaliyolika, hadi vile vibati vya ndani ya kitasa vinashindwa kujipanga. Wapo wanaomwagia oili ya injini. Kitasa hukubali kwa wiki moja, kisha vumbi hugandamana na oili na ugonjwa hurudi na wenzake. Unga wa grafaiti, ule ule uliomo ndani ya penseli, hulainisha bila kukamata vumbi.

Tusisahau pia kwamba swichi iliyogoma hujenga ujirani. Wapo majirani ambao hawajasalimiana tangu uchaguzi uliopita, lakini hukutana nyuma ya bampa. Ole wao kama gari ni la otomatiki: watasukuma mpaka jua lichomoze na halitawaka, kwa sababu gia za namna hiyo haziwezi kurudisha mzunguko wa tairi kwenye injini iliyozimika. Ujirani lakini umepatikana.

Na anayeona kuzungusha ufunguo ni mateso ajue kulikuwa na nini kabla yake. Injini iliamshwa kwa hendeli ya mkono mbele ya gari, nayo ilikuwa na tabia ya kurudi nyuma ghafla na kuvunja mkono wa mwenyewe. Charles Kettering alileta stata ya umeme, ikawekwa kwenye Cadillac za mwaka 1912. Hata hivyo stata iliendelea kuwa na kitufe au pedeli yake. Ni mwaka 1949 Chrysler walipoukabidhi ufunguo kazi zote mbili, ya kuruhusu umeme na ya kuamsha injini. Tangu siku hiyo ndio unaobeba lawama zote.

Sasa tufike penye uzito. Wanaouchukia ufunguo mgumu wauangalie ulio mwepesi. General Motors ya Marekani iliweka kwenye Saturn Ion, Chevrolet Cobalt na ndugu zao swichi ambayo ilizunguka kwa urahisi kupita kiasi. Shada zito la funguo likining'inia, au goti likiligusa, au gari likiruka barabara mbovu, ufunguo ulijirudisha wenyewe hatua moja. Injini ilizimika gari likiwa katika mwendo, usukani ukawa mzito, na mifuko ya hewa ikakosa umeme wa kufumuka. Swichi ilikuja kuimarishwa kimyakimya, lakini namba ya kipuri haikubadilishwa, na wachunguzi wakazubaishwa kwa miaka. Mhandisi aliyeajiriwa na wakili wa familia moja iliyofiwa ndiye aliyelinganisha ya zamani na mpya iliyonunuliwa dukani: kijiti cha ndani kilikuwa kimerefushwa kwa milimita 1.6. Mwaka 2014 magari yapatayo milioni 2.6 yaliitwa yarudi kurekebishwa, na wenye magari wakaambiwa waendeshe na ufunguo mmoja tu, bila shada. Mfuko wa fidia ulikubali vifo 124. Mwenye mazoea ya kuning'iniza kwenye swichi funguo za nyumba, duka, stoo na kufuli tatu za geti asome sentensi hizo mara ya pili.

Kisha wapo Kia na Hyundai. Matoleo yao mengi ya kuzungusha ufunguo yaliyouzwa Marekani hadi mwaka 2021 hayakuwa na kifaa cha kuzuia injini isiwake kwa ufunguo wa kigeni. Vijana waligundua kwamba, ukishabandua kifuniko cha usukani na kung'oa kitasa, kichwa cha waya wa kuchajia simu kinatosha kuzungusha kilichobaki. Video zikasambaa mwaka 2022, na wizi ukawa mchezo. Ng'ambo ya mpaka, Kanada, sheria ilikuwa imekidai kifaa hicho tangu 2007, na kampuni hizohizo ziliuza magari yanayojua kukataa.

Kukataa huko ni kazi ya chipu ndogo iliyofichwa ndani ya plastiki ya ufunguo. Haina betri. Koili iliyozunguka tundu la swichi huilisha kwa mawimbi, chipu hujibu kwa namba yake, na namba isipotambuliwa injini hukaa kimya hata meno yakifanana kabisa. Hapo ndipo penye kasheshe kwa magari yaliyotumika kutoka Japani, ambayo mara nyingi hushuka bandarini na ufunguo mmoja. Ungali mzima, fundi huhitaji muda mfupi na mashine yake kuongeza wa pili. Ukipotea, dashibodi hufunguliwa, kompyuta huchomolewa, gari hulala gereji, na mwenye gari huanza kupekua mifuko ya suruali zilizokwisha lowekwa.