Simba wa Kamati ya Utalii

Katika bajeti ya tamasha letu la utalii wa kijijini, mgeni rasmi alikuwa na fungu lake: sofa, maji ya chupa, zulia la kukanyaga kutoka kwenye gari hadi jukwaani, na mbuzi mmoja. Watalii hawakuwa na fungu. Nilipouliza kikaoni, mwenyekiti wa kamati alinijibu kwa upole, “Katibu, mtalii huja mwenyewe. Mgeni rasmi huletwa.”

Kijiji chetu kiko ukingoni mwa milima ya Usambara, upande wa Irente, pale ardhi inapokatika ghafla na chini kabisa yanaonekana mashamba ya mkonge ya Mazinde na nyika ya Wamasai. Watalii hupita kila msimu. Sisi huwapungia mkono, nao hutupungia, na biashara huishia hapo. Tukaazimia safari hii wasimame.

Kwanza lilikuja suala la ua. Nchi yetu ndiyo nyumbani kwa lile ua dogo la zambarau ambalo ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao, likapewa jina la Saintpaulia mwaka 1893, na leo limejaa kwenye madirisha ya Ulaya na Marekani. Kijana tuliyemtuma akalitafute msituni Magamba aliteremka Mombo, akarudi na la plastiki. Alijitetea kwamba hili halinyauki, na baada ya mjadala mrefu kamati ikakubaliana naye. Kwenye muhtasari niliandika “ua limepatikana”, na hakuna mkaguzi wa kulikanusha hilo.

Lakini tegemeo letu kubwa lilikuwa igizo la Mbegha. Msambaa gani asiyeijua habari hiyo? Mwindaji anatoka Nguu, anagawa nyama ya nguruwe mwitu kila apitapo, anaua simba, anaingia Vuga, anakuwa mfalme, na ukoo wa Wakilindi unaanzia kwake. Fundi cherehani wetu alikubali kuwa simba kwa sharti moja: afe mapema, maana alikuwa na sare za shule za kumalizia. Shungi lake lilikuwa la katani. Mgongoni alivaa ngozi ya mbuzi. Mbuzi gani? Yule yule wa mgeni rasmi, aliyechinjwa alfajiri ya siku hiyo.

Na kwa kuwa Mbegha aliwinda kwa mbwa, mwandishi wa igizo akataka mbwa wa kweli. Wakaletwa mbwa wa kijiji, ambao hawakuhudhuria mazoezi hata mara moja.

Saa nne asubuhi uwanja ulikuwa umejaa. Saa sita tukaambiwa mgeni rasmi yuko Soni. Saa nane alikuwa bado yuko Soni. Naifahamu Soni tangu utoto, na sijapata kuona mtu akiivuka kwa saa mbili. Mabandani, mama wa kabichi alinunua karoti za jirani yake, jirani akanunua kabichi, na noti ileile ikazunguka uwanja mzima hadi ikaanza kuchanika.

Ndipo wakatokea watalii: Waholanzi wawili, mke na mume, juu ya baiskeli, wakiuliza njia ya Lushoto mjini. Hawakupata kulimaliza swali. Walivishwa mashada, wakapewa bada kwa mchunga, wakakalishwa kwenye benchi la shule nyuma ya sofa tupu. Mama yule wa Kiholanzi aliinama akalinusa ua letu, akamtazama mumewe, akanyamaza. Watu wale wamelelewa.

Mwandishi wa igizo hakuweza kungoja tena. Simba akatoka. Mbwa, waliokuwa wakiinusa ile ngozi tangu asubuhi, hawakumsubiri Mbegha. Fundi alipaswa kunguruma. Badala yake alitamka maneno yasiyokuwemo kwenye igizo, yote ya Kisambaa, wazee wakainamisha vichwa. Kisha akaruka meza ya mapokezi na kutokomea migombani. Mbegha alimkimbilia nyuma na mkuki wake wa mti, akiwabembeleza mbwa kwa majina. Wazee wa mdumange walidhani ndiyo ishara yao, wakaanza kupiga ngoma.

Waholanzi walikuwa wamesimama juu ya benchi, wanapiga makofi mpaka viganja vimewaiva. Waliuliza kama onyesho hilo huwa kila Jumamosi.

Saa kumi akafika mwakilishi wa mwakilishi wa mgeni rasmi, na ukungu ukafika naye. Ratiba ni ratiba. Tulimpeleka ukingoni akaonyeshwe mandhari. Aliutazama weupe ule kwa makini, akauliza Mazinde ni upande gani, akaelekezwa, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Katika hotuba yake alisema kivutio hicho kinatambuliwa.

Kwenye kikao cha tathmini mhasibu alisoma kwamba pesa pekee iliyotoka nje ya kijiji ni ya Waholanzi, nao waliitoa kwa ajili ya simba. Mwenyekiti alipendekeza papo hapo onyesho liwe la kila Jumamosi. Fundi, ambaye alikihudhuria kikao chote akiwa amesimama, alisema hana kipingamizi, ila sasa yeye atakuwa Mbegha na mwenyekiti avae ngozi.

Hoja iliungwa mkono na wajumbe wote isipokuwa mmoja.