Barua ya Wazi kwa Wakaguzi wa Mimea: Ombi la Kuvusha Jani

Kwa Waheshimiwa Wakaguzi wa Afya ya Mimea,
Upande wa Tanzania na upande wa Kenya.

YAH: OMBI LA KUVUSHA JANI MOJA KUTOKA TANGA HADI LIKONI

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Waheshimiwa, mimi ni mama wa maua hapa Tanga. Sina shamba, sina kampuni, sina mhuri. Nina kibaraza, makopo ya rangi yaliyotobolewa chini, na shoga yangu aliyeolewa Likoni, Kenya, ambaye naye ana kibaraza na makopo. Yeye ana asumini ninayoitamani. Mimi nina ua la Usambara analolitamani yeye. Ua hilo halina makuu. Unakata jani pamoja na kikonyo chake, unalichomeka kwenye mchanga wenye unyevu, na baada ya wiki kadhaa vitoto vinaanza kuchungulia pembeni. Jani tunalifunga kwenye gazeti lililoloweshwa, gazeti tunalitia ndani ya kopo, kopo anakabidhiwa kondakta, na jioni mzigo umefika. Ndivyo tulivyodhani kabla ya kusoma utaratibu wenu.

Nimeusoma na nimeuelewa, jambo ambalo natumaini litahesabiwa kuwa utii. Kwanza, shoga yangu aombe kibali cha kuingiza mmea Kenya, nao mmea usiondoke kibali hakijatoka. Pili, mimi niombe Tanzania cheti cha afya ya mimea, kinachothibitisha kwamba jani langu limekaguliwa na halina mdudu wala maradhi. Tatu, jani lisiwe na chembe ya udongo. Nne, likaguliwe mpakani. Asumini ikija kwangu, tunageuza viti na kuanza upya. Mimi mwenyewe, mwenye miguu, mdomo na kikohozi, nikienda kumsalimia shoga yangu natosheka na hati ya safari na kadi ya chanjo. Jani limenizidi hadhi.

Siandiki kulalamika. Naandika kupongeza, maana nikiitazama historia ya mkoa wangu naona jinsi uangalifu wenu ulivyochelewa kuzaliwa.

Mwaka 1892 ofisa wa utawala wa Kijerumani hapa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliliona ua hilihili porini, akalipenda, akamtumia baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland akalipa jina la Saintpaulia, kwa heshima ya familia iliyolituma. Waliolikuta likiota mlangoni kwao hawakuingia kwenye jina. Leo linapamba madirisha ya Ulaya na Marekani, na huko wapenzi wake hutumiana majani yake ndani ya bahasha, huku ndugu zake wa msituni Usambara wakipungua kila mti unapoangushwa. Kwa hiyo ua limekwisha kuzunguka dunia. Kituo pekee kinacholishinda ni Likoni.

Kisha mkonge. Mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa kampuni ya Kijerumani, aliagiza vitoto 1,000 vya mkonge kutoka Florida. Vilivyofika vikiwa hai ni 62 tu. Wapo wanaosimulia kwamba vilifichwa ndani ya mamba aliyekaushwa. Mimi siapi kwa mamba, lakini mashamba nimeyaona. Kutokana na vitoto hivyo 62 Tanganyika ikaja kuongoza dunia kwa mkonge. Nawaza: kama mngekuwapo siku ile gatini, mngevizuia vyote 62 mpaka vionyeshe kibali, na yule mamba mngempeleka idara nyingine.

Ndugu zetu wa Kenya nao wasijione wametengwa. Mmea wa mathenge, unaoimeza Baringo, haukuingizwa na mama wa maua mwenye kopo. Ulipandwa miaka ya 1980 na miradi iliyobarikiwa na serikali na wafadhili, ili kuzuia jangwa na kuleta kuni. Ukazuia malisho na kuleta miiba. Maganda yake matamu yanaozesha meno ya mbuzi, hata wakazi walipoishitaki serikali walimpeleka mbuzi kibogoyo mahakamani awe ushahidi. Mradi ule, waheshimiwa, ulikuwa na mihuri yote.

Nisije nikaonekana nadhihaki hatari. Hatari ipo, na sisi wapenda maua hatuna mikono misafi: gugumaji linalosumbua Ziwa Victoria lilisambazwa duniani kwa sababu watu walipenda ua lake. Na ugonjwa wa michirizi ya kahawia, unaoozesha muhogo ardhini huku majani yakimdanganya mkulima kuwa mambo ni shwari, ulielezwa na mtafiti H. H. Storey mwaka 1936 kutokea Amani, hapohapo milimani Muheza. Unasafiri kwa nzi weupe, na unasafiri vizuri zaidi ndani ya pingili ambazo jirani anampa jirani kwa moyo safi.

Hapo ndipo ninapotaka kuuliza. Mvua zikikaribia, mafurushi ya pingili za muhogo, marando ya viazi na machipukizi ya migomba hupanda juu ya mabasi na nyuma ya pikipiki, wilaya hadi wilaya, bila mtu kuyauliza yanatoka wapi. Chakula cha watu kinapita juu ya paa. Jani la ua limekamatwa mlangoni. Sheria ambayo mnyonge hawezi kuitimiza haizuii ugonjwa. Inamfundisha mnyonge kuficha jani ndani ya mkoba, chini ya khanga, mahali ambapo jicho la mkaguzi halifiki. Mdudu akipanda humo, hakuna atakayemwona.

Ninachoomba ni kidogo, wala hakihitaji semina hotelini. Wekeni meza moja stendi kuu, pale mizigo inapopokelewa, na mtu mmoja anayemjua mdudu kidung'ata kwa sura. Bandikeni ukutani orodha kwa Kiswahili: muhogo, migomba, marando, miche ya machungwa na udongo, marufuku bila cheti; maua haya na haya, ruksa yakikaguliwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki imekwisha kumpa mfanyabiashara mdogo cheti rahisi cha asili ya bidhaa kwa mzigo usiozidi dola 2,000. Basi mtungieni na mpanda maua kadi yake, igongwe mhuri hapohapo, kwa ada isiyozidi nauli ya kopo. Mtapata majina ya wanaotumiana, mtajua nini kinakwenda wapi, na ugonjwa ukizuka mtakuwa na pa kuanzia. Leo hamna.

Jani likikaa kwenye gazeti bichi linavumilia siku chache tu. Nawaomba uamuzi wenu ufike kabla halijaoza.

Naomba kuwasilisha.

Wenu katika ujenzi wa taifa, na la jirani pia,
Mama wa Maua, Tanga.