Ukoo Unataka Wakili wa Bure

Binti yangu amepata alama za kusomea sheria, na tangu hapo boma langu limejaa washauri ambao hawajawahi kusoma hata risiti ya mbolea hadi mwisho.

Sisi ni watu wa Kitui. Mama yake anatoka Mbooni, kaunti ya Makueni. Ndoa ya kaunti mbili ina raha zake, ila si wakati wa kuchagulia mtoto kazi. Wa kwetu ndio waliotangulia: "Jaji Mkuu wa kwanza kuteuliwa chini ya Katiba ya 2010 alitoka wapi? Si hapa Kitui?" Kweli, Willy Mutunga ni wetu, na alikalia kiti hicho kuanzia 2011 hadi 2016. Wanachokiruka ni mwaka 1982, alipokamatwa na kutiwa kizuizini akiwa mhadhiri wa sheria. Kwa ukoo wangu, maisha ya mtu huanza siku anayopewa dereva.

Mashemeji wa Mbooni wakajibu mapigo. Wakamtaja marehemu Mutula Kilonzo, wakili wa Rais Moi ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Haki. Wakamtaja Profesa Kivutha Kibwana, aliyefundisha sheria Chuo Kikuu cha Nairobi kabla ya kuwa gavana mwaka 2013. Wakamalizia na Mutula Kilonzo Junior, wakili vilevile, aliyempokea Kibwana ugavana mwaka 2022. "Makueni haijawahi kuwa na gavana asiyesomea sheria," shemeji akasema. "Na nyinyi Kitui, je?" Mimi nikajitia kufukuza kuku.

Kumbe mapenzi haya yote ya sheria yana mzizi. Tuna shamba linalopakana na jirani kwa safu ya makonge, na makonge hayo, kwa namna isiyoelezeka, kila msimu wa mvua husogea kuja upande wetu. Kesi iko mahakamani. Hutajwa, ikatajwa tena, ikaahirishwa. Leo faili haionekani, kesho hakimu yuko mafunzoni, keshokutwa wakili wa jirani anaugua mafua. Mzee mmoja wa ukoo hulalamika kwamba zamani za kithitu, kiapo chetu cha jadi, mambo yalikuwa mepesi: mwongo aliapa, kisha mkasubiri matanga. Kithitu, anasema, hakikuomba tarehe nyingine. Lakini hata yeye sasa anataka wakili, mradi awe wa bure.

Nikawaketisha, nikawaeleza safari yenyewe. Chuo kikuu ni miaka 4. Kisha Kenya School of Law, na mitihani 9 ya Baraza la Elimu ya Sheria ambayo wengi huirudia. Kisha miezi 6 ya kujifunza kazi chini ya wakili mzoefu, akimbebea mafaili. Kisha ombi kwa Jaji Mkuu ili aapishwe. Na hata akishaapishwa, cheti cha kufanya kazi hulipiwa upya kila mwaka.

Mzee akawaza, akauliza, "Kwa hivyo Desemba hii hatapatikana?"

Nilipotaja karo, kila mmoja akawakumbuka mbuzi aliowaacha hawajanyweshwa.

Hoja yao kubwa iliyobaki ni kwamba msichana "ana mdomo". Ni kweli anao. Nimeulea na ninaujua. Basi nikamwambia aende kwenye mahakama ya mjini, akae nyuma asubuhi hadi jioni, asikilize. Hakuna kiingilio.

Alirudi amenyamaza, nikadhani tumeokoka. "Baba," akasema, "mbona mawakili wanaongea kidogo hivyo?" Aliyeongea sana, alinisimulia, hakimu alimwambia aketi. Aliyeshinda ombi lake ni mama mmoja aliyesimama kwa dakika chache tu, akafungua faili, akaonyesha kwamba tarehe kwenye hati ya kiapo haikulingana na ile iliyo kwenye mkataba wa mauzo ya shamba. Akaketi. Binti yangu alikuwa akisimulia tarehe hizo macho yakimng'aa, na chakula cha jioni kilipopoa alikuwa ameshaniomba makaratasi ya kesi yetu ayasome. Aliyasoma yote. Akaniambia jirani ana hoja.

Mtu wa kumwambia baba yake neno hilo, tena akiwa anakula muthokoi wake, kwa kweli anafaa kuwa wakili. Ataenda, nami nitauza nitakachouza.

Wewe mwenye mtoto wa kidato cha nne, usiupime uwakili kwa kelele za jikoni wala kwa magari ya magavana. Mpeleke mahakamani siku nzima: Kitui, Mwingi, Makueni au Makindu, milango iko wazi. Akirudi na njaa ya kusoma mafaili, changa karo. Akirudi na usingizi, ndengu bado zina soko. Na ukoo wangu, kuhusu kesi ya makonge: tafuteni wakili aliyekwisha kuapishwa, mmlipe.