Kiwanja cha Uani

Katika nyumba za Kiswahili chache zilizosalia nyuma ya Mtaa wa Msimbazi, ambazo jirani zake wote wamekwisha kugeuka maghorofa ya maduka na stoo, uani ndipo panapopikwa, panapofuliwa, panapoanikwa na panaposutwa, na mtu mwenye akili timamu hathubutu kupaongezea kazi nyingine. Lakini mjomba wangu, ambaye kwa umri ni mzee wa kuheshimiwa na kwa mpira ni mtoto, alikata shauri kwamba, kwa kuwa wajukuu wamekosa pa kuchezea tangu mikokoteni na bodaboda zilipotawala barabara, uani pale patandikwe nyasi bandia, pawe kiwanja.

Fikira hiyo aliitoa Kidongo Chekundu, si mbali na Mnazi Mmoja, katika kituo cha michezo cha vijana alichokifungua Rais Jakaya Kikwete mwaka 2015, ambacho klabu ya Sunderland ya Uingereza ilikuwa na mkono katika kukianzisha. Sasa Simba yenyewe, klabu yetu ya Msimbazi, ilikuwa ikiitwa Sunderland hadi mwaka 1971, na mjomba, ambaye hajapata kukosa ishara katika jambo alilokwisha kuliamua, aliona hiyo ni ithibati tosha.

Kupata nyasi hakukuwa na taabu, maana zinauzwa kwa mita katika maduka ya mazulia, nazo aghalabu huishia katika kumbi za harusi na vibaraza vya baa. Winga mmoja, yaani dalali wa madukani, alimzungusha duka hata duka, mpaka wakafika kwa muuzaji mpole, na hapo mjomba akaanzisha mjadala wa kodi. Ni kweli kwamba mwaka 2021 serikali ilisamehe kodi ya ongezeko la thamani kwa nyasi bandia za viwanja vya mpira vilivyomo katika majiji, kwa idhini ya Baraza la Michezo la Taifa. Mjomba akadai msamaha huo pale pale kwenye kaunta, kwa hoja kwamba Dar es Salaam ni jiji na uani ni kiwanja. Muuzaji, kwa adabu nyingi, akamwuliza barua ya Baraza iko wapi. Mjomba akatoa kadi yake ya uanachama wa Simba.

Alilipa kodi.

Fundi aliyekuja kutandika alikuwa hodari wa maneno. Kiwanja cha haki huchimbwa kwanza, kikashindiliwa kifusi na kokoto, kikapewa mwinamo na mifereji ya kupitisha maji, ndipo nyasi zikafuata. Yeye alizitandaza juu ya sakafu ya saruji kama ilivyo, akazibandika kwa gundi, kisha akamwaga mchanga na zile chembechembe nyeusi za mpira wa matairi yaliyosagwa, ambazo kazi yake ni kuyasimamisha majani na kulainisha maanguko ya wachezaji. Tena hakujali kwamba majani hayo hulala upande mmoja na kwamba vipande vyote sharti vielekee kumoja, hata ikawa ukitazama kutoka jikoni nusu ya kiwanja ni kijani kibichi na nusu imefifia, na ukitazama kutoka chooni ni kinyume chake.

Kijani! Hilo mjomba hakuwa amelitia maanani. Jirani mmoja mwenye mapenzi na Yanga, watani wetu wa Jangwani, alipita kutazama, akavua kofia kwa taadhima, akampongeza kwa kuwa mtu wa kwanza wa Msimbazi kutandika rangi za Yanga nyumbani kwake kwa gharama zake mwenyewe. Mjomba alimwuliza fundi kama nyasi nyekundu zipo. Akajibiwa zipo, ila ni za njia ya kukimbilia.

Wajukuu walicheza asubuhi moja. Ilipofika saa saba ya mchana nyasi zilikuwa zimeshika moto, kwa maana nyasi za namna hii, juani, hupata joto kupita majani ya asili kwa mbali sana, na watoto wakarudi barabarani kwenye mikokoteni, ambako angalau kuna kivuli cha maghorofa. Watu wa Houston kule Marekani walipotandika nyasi bandia mwaka 1966 walikuwa na udhuru: paa la uwanja wao wa besiboli lilipitisha mng'ao hata wachezaji wasiuone mpira, likapakwa rangi, na majani ya asili yakafa kwa kukosa jua. Kwetu hapakufa jani lolote. Palikuwa na sakafu yenye afya njema.

Chembechembe nazo zilihama. Zilionekana katika wali, katika shuka, katika kanzu ya Ijumaa, na jioni moja katika chai ya mshenga aliyekuja kuleta posa, ambaye aliinywa yote kwa ustahimilivu unaostahili sifa.

Kisha masika yakaingia na chemba ikajaa. Gari la kunyonya maji machafu lilipofika, dereva akauliza chemba iko wapi, na nyumba nzima ikabaki kutazamana, kwa kuwa mfuniko ulikuwa chini ya kiwanja na fundi hakuacha alama. Tulipita tukigonga nyasi kwa mchi, huku tumetega masikio, na dereva akihesabu muda wake kwa sauti. Mama, ambaye ni dada mkubwa wa mjomba na ndiye sultani wa uani, hakusema neno. Alitwaa kisu cha kupasulia samaki, akakata mraba pale pale mchi ulipolia kwa utupu.

"Dada, umekata nukta ya penalti," mjomba akalalama.

"Basi piga," Mama akajibu, na mpira wa gari ukateremshwa.

Nyasi zilibanduliwa wiki hiyo hiyo, zote ila kipande kimoja ambacho Mama hukianikia pilipili, naye hukiri kwamba zinakauka vizuri. Zilizobaki zimekunjwa juu ya paa la choo. Mwenye haja nazo na aje azichukue bure, awe wa Msimbazi au wa Jangwani, mradi aje na mkokoteni wake, na asitudai chochote juu ya chembechembe.