Sifa za Tata la Nyuzi

Wafumaji wa Fair Isle, kisiwa kidogo kilicho baina ya Orkney na Shetland, kaskazini ya Uskoti, wana kaida kwamba mstari mmoja wa sweta usichukue nyuzi za rangi zaidi ya mbili, hata kama sweta nzima ina rangi kumi. Na ukiwauliza sababu watakuambia kuwa uzi usio na zamu hupita nyuma ya kitambaa, na nyuzi za nyuma zikizidi huleta uzito na kunasa vidole vya mvaaji. Sababu hiyo ni njema, lakini mimi naona humo pia heshima, ingawa haijakiriwa, kwa mtukufu wa kila kikapu cha sufu, anayelaaniwa kwa lugha zote za wafumaji wala hajapata kusifiwa hata siku moja: namaanisha tata la nyuzi.

Asili yake ni ya halali kabisa. Kila rangi inapopokezana zamu na mwenziwe, uzi mmoja huvuka juu ya wa pili. Mfumaji asipoulinda mmoja upande wa kulia na mwingine upande wa kushoto, madonge aliyoyatenga asubuhi huyakuta jioni yamekwisha kuoana pasi na kadhi, mahari wala mashahidi, na talaka yao humgharimu usiku mzima. Watu huita jambo hili hasara. Laiti wangalikitazama kilichomo mikononi mwao!

Mwaka 1824 mwanakemia Michel Eugène Chevreul aliwekwa juu ya utiaji rangi katika karakana ya Gobelins, mjini Paris, akaletewa mashtaka kwamba nyeusi ya sufu yake haikukolea; alipochunguza aliona kuwa nyeusi haina hatia, ila rangi zilizofumwa ubavuni pake ndizo zilizoidhalilisha machoni, na habari hizo akazieleza kwa urefu katika kitabu chake cha mwaka 1839. Tata hufundisha elimu hiyo hiyo bila kitabu. Muuza sufu hukuonyesha kila donge peke yake, na peke yake kila donge hupendeza; bali tata, ambalo halina bidhaa ya kuuza, huzikutanisha nyekundu na kijani zenye ukolezi mmoja, ukazitazama kwa macho yaliyofumbwa nusu ukaona zimemezana, nawe ungali na nafasi ya kutubu kabla ua ulilolikusudia halijapotea kifuani mwa sweta. Hali kadhalika madonge mawili yenye jina moja la rangi, yaliyotoka katika mapipa mawili ya mtia rangi: dukani huapa kuwa ni pacha, kikapuni hukaa kimya mbalimbali, na ndani ya tata uongo wao hudhihirika. Simjui hakimu mwenye insafu kupita huyu, wala aliye mgumu kama yeye kupokea rushwa.

Wapo watakaonitajia mkasi. Naam, mkasi ni dawa ya wenye haraka. Walakini wafumaji wa Shetland huutumia kwa jambo la ajabu zaidi, kwani hukifuma kiwiliwili cha sweta mviringo mzima, kisha hukipasua mbele wapate sweta ya vifungo, nacho hakifumuki. Hakifumuki kwa kuwa sufu ya kondoo wa huko ina vinyweleo ving'ang'anizi, kila kimoja kikimshika jirani yake. Na hulka hiyo hiyo, wala si nyingine, ndiyo inayolifanya tata la sufu hiyo kuwa gumu kutatuliwa. Najua yuko mfumaji ambaye, kwa kuchoshwa na matata, amekwenda kununua uzi wa pamba laini unaoteleza, utokao katika fundo kwa mvuto mmoja. Na afume kwa raha zake, maadamu hathubutu kuisogezea sweta yake mkasi.